Asifiwe na Karatasi Zake Mbili

Mwalimu Amon, kijana aliyechukua meza yangu, ameniomba niwaandikie yeye na wenzake jinsi kazi ile inavyofanyika. Nilimwambia mwongozo wa wizara upo kabatini, una kurasa nyingi na jalada zuri. Akasema ameshausoma. Hapo ndipo nilipoelewa anachouliza.

Naitwa Joventa. Nimefundisha shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na nusu ya pili yote niliimalizia Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, nikiwa mwalimu wa ushauri wa kazi na maisha. Huyo ndiye mwalimu anayetakiwa kuhakikisha kwamba mtoto akitoka getini siku ya mwisho anajua anakwenda wapi. Vyeo na mshahara nitaviacha. Viko kwenye faili yangu huko makao ya wilaya, Isingiro, na hata huko havifurahishi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu baadhi yetu shuleni walisomea Kifaransa, wengine Kiingereza, na Kiswahili ndicho tunachokikosea wote kwa usawa.

Kiswahili changu mimi ni cha kambi ya jeshi. Baba yangu alikuwa sajenti, nami nilizaliwa Makenke, pale Mbarara, ambako mtoto husikia "simama" kabla ya kusikia "karibu". Nilipopelekwa Nakivale nilijivuna kwamba sitahitaji mkalimani. Siku ya kwanza niliingia kidato cha tatu, nikasimama mbele na kusema, "Nyinyi wote, kaa chini, toa kalamu, andika jina!"

Walikaa. Walitoa kalamu. Kisha msichana mmoja wa nyuma akamwambia jirani yake, kwa sauti ambayo hakukusudia niisikie, "Huyu Madame anasema sawa askari wa bariera."

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka pia, kwa kuchelewa kidogo. Jioni nilipokuwa napika ndipo neno lile liliponirudia. Watoto wale walikuwa wamepita vizuizi vya kweli, na wengi wao, mara ya mwisho mtu mwenye sauti kama yangu alipowaambia waandike majina, haikuwa kwa ajili ya shule. Kesho yake nilianza upya. Nilisema habari za asubuhi, nikajitambulisha mimi kwanza.

Wiki hiyo niliwapa fomu ya wizara yenye swali moja kubwa: Unataka kuwa nani? Nilipata madaktari kumi na wawili, marubani watatu, wanasheria wengi kuliko mahakama zote za Mbarara, na kijana mmoja aliyeandika "Kanada". Nilimwita nikamweleza kwamba Kanada si kazi. Akanijibu kwa adabu kwamba kwa mjomba wake ni kazi, maana anaishughulikia kila siku.

Nilizipeleka fomu zile kwa Mwalimu Bizimana ili tucheke wote. Bizimana alikuwa Mrundi, mzee mwembamba wa koti moja la kahawia. Kwao alikuwa mwalimu mkuu wa shule yenye mabweni. Huku alihesabiwa mwalimu msaidizi wa hesabu, kwa kuwa vyeti vyake vya Kifaransa vilikuwa bado vinasubiri kutambuliwa katika ofisi fulani. Hakucheka. Alizisoma moja moja, akanirudishia.

"Iyo swali si nzuri, Madame," alisema. "Mtoto anajua nini juu ya kesho? Umuulize jana. Jana baada ya masomo ulifanya nini? Halafu unyamaze."

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Mpaka upate aibu. Kisha unyamaze tena kidogo."

Nilijaribu. Kijana wa Kanada, nilipomuuliza alifanya nini jana, alisema alitengeneza redio mbili za majirani na kuharibu ya tatu. Sasa ana kibanda chake cha ufundi senta, pale penye maduka. Mmoja wa marubani wangu alisema alikuwa amemkamua ng'ombe wa jirani, akampima ndama kwa kamba. Ninyi mnaoanza, hiki ndicho kifaa cha kwanza ninachowaachia, na hakihitaji umeme.

Kifaa cha pili ni mfuko wangu. Nilikuwa na mfuko wa turubai uliojaa vitu nilivyoomba kwa watu Mbarara: kipimo cha maziwa cha kioo, pima maji ya mwashi, koleo za fundi umeme, mkasi wa mshonaji mzito kama jiwe. Nilivipitisha darasani bila maelezo, vishikwe. Mtoto ambaye hajawahi kuona mtu wa ukoo wake akifanya kazi fulani haamini kwamba kazi hiyo inafanywa na mikono. Akishika kifaa, mkono wenyewe unauliza maswali. Kioo cha kipimo cha maziwa kilivunjwa mara mbili, na mara zote mbili aliyekivunja ndiye aliyeuliza swali zuri zaidi.

Sasa niwasimulie habari ya Asifiwe. Ni kosa langu kubwa kuliko yote kazini, na afadhali mlisikie kutoka kwangu.

Alifika kidato cha pili akiwa mrefu, mkimya, amekuja na baba yake na kaka wawili kutoka Kivu ya Kusini. Mama yake alifia njiani. Baba yake, Mzee Elisha, alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, kanisa la miti na turubai upande wa juu wa kijiji chao. Shuleni msichana huyu aliitwa Sifa. Wenzake walimwita Sifa, walimu walimwita Sifa, nyumbani aliitwa Sifa. Alikuwa anapenda biolojia na kemia, na alikuwa na tabia ya kuangalia kitu kwa muda mrefu kabla ya kusema ni nini.

Alipofika kidato cha nne, sinia foo kama tunavyosema, mimi nilipewa kazi ya kuandikisha watahiniwa. Kanuni ilikuwa wazi: jina liandikwe kutoka kwenye kadi ya familia, ile ya ukimbizi, si kutoka mdomoni. Siku hiyo mawingu yalikuwa mazito, sola ilikuwa inakata, na foleni ilikuwa imetoka mlangoni mpaka kwenye tangi la maji. Alipofika mezani nilimuuliza jina.

"Sifa Mapendo, Madam."

"Kadi iko wapi?"

"Baba ameenda nayo kuchukua chakula."

Ningeweza kumwambia arudi kesho. Lakini Kiswahili si ndicho changu? Sifa ni neno ninalolijua. Nikaandika herufi nne, nikamwita anayefuata.

Alifaulu. Miongoni mwa wasichana wa mwaka ule yeye ndiye aliyeongoza, na shirika moja lilikubali kumsomesha uuguzi katika chuo kilichopo Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Nilimsindikiza mwenyewe siku ya kujiandikisha. Alikuwa amevaa viatu vya kaka yake, vimejazwa karatasi mbele.

Karani wa pale alikuwa mwanajeshi mstaafu. Alianza kwa Kinyankole, akaona msichana anakodoa macho, akahamia Kiswahili ili asikie mwenyewe yanayomhusu. Aliweka karatasi ya matokeo upande wa kulia na nakala ya kadi ya familia upande wa kushoto. Akazitazama. Akazisogeza karibu, kama mtu anayelinganisha vitambaa.

"Madam," alisema, "hapa kuna watu wawili."

"Vipi wawili?"

"Huyu ni Sifa Mapendo. Huyu ni Asifiwe Mapendo Riziki. Mmoja alipita mtihani. Mwingine ni mkimbizi. Mimi naandika nani?"

Niliichukua kadi. Nilikuwa sijawahi kuiona, miaka mitatu yote. Asifiwe. Sifa lilikuwa jina la kufupisha tu, la jikoni na la uwanjani. Nilijaribu kumweleza, na karani alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema hana ruhusa ya kumuandika mtu kwa maelezo. Chuo kitamtunzia nafasi wiki mbili. Isipopatikana karatasi iliyosahihishwa, atapewa mwingine.

Tulivuka daraja kurudi mjini kwa miguu. Katikati ya daraja alisimama.

"Madam, uliniuliza jina, na mimi nilikujibu la nyumbani. Kosa ni la sisi wawili."

"Hapana," nilimwambia. "Wewe ulikuwa mtoto uliyeulizwa swali. Mimi nilikuwa na kanuni imebandikwa ukutani."

Alivua viatu, akavibeba mkononi mpaka stendi ya magari.

Nilikwenda kwa baba yake jioni ileile, maana nilijua nikilala na maneno yale asubuhi yatakuwa yamepungua. Mzee Elisha alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi kwenye karai. Nilimweleza yote. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi lile likaisha, akaliweka chini.

"Kwa hiyo weye njo uliandika," alisema.

"Ni mimi, Baba."

"Madame, kule kwetu tuliacha shamba, tukaacha nyumba, na mama yake alibakia mu njia. Vitu vyenye tulivuka navyo havikuwa mingi. Majina tulivuka nayo. Huyu alizaliwa siku mama yake alikuwa karibu kufa, batu ba kanisa wakaomba usiku na muchana, akapona. Tukasema, Mungu asifiwe. Sasa weye unaandika Sifa. Nani njo anasifiwa? Ni mutoto?"

Nilikuwa nimelinyamazia swali la Bizimana darasani mara nyingi kwa makusudi. Safari hii sikukusudia.

"Utarudisha?" aliniuliza.

"Nitarudisha."

"Basi." Akachukua gunzi jingine.

Mwalimu mkuu wetu wa wakati ule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kulinda shule, na shule yetu ilikuwa changa, imepata kibali cha kuwa kituo cha mtihani juzijuzi tu. Alifunga mlango wa ofisi. "Kuna njia fupi," aliniambia. "Tuliandikie baraza la mitihani Kampala kwamba mwanafunzi alitoa jina lisilo lake. Watasahihisha, hakuna atakayetuuliza chochote."

"Na yeye?"

"Yeye ataandika barua ya kuomba radhi. Atasahau."

Nilitoka nikamtafuta Bizimana. Alikuwa ubaoni anafuta hesabu za kidato cha kwanza. Nilipomweleza aliacha kufuta.

"Madame, mkimbizi akiandikiwa mara moja kwamba alidanganya jina, iyo neno itakuwa mbele yake kila ofisi. Akienda kuomba kazi, iko. Akienda kuomba safari, iko. Wewe wakikuandikia kosa utapata nini?"

"Onyo."

"Onyo," alirudia, kama mtu anayeonja chumvi kama imetosha. "Basi pokea onyo."

Siku ya tatu nilipanda kwenda Isingiro nikala kiapo mbele ya hakimu, kwa maneno niliyoyaandika mwenyewe: kwamba mimi, mwalimu mwandikishaji, niliandika jina bila kuangalia kadi, na mwanafunzi hakutoa jina la uongo. Mwalimu mkuu alikasirika, kisha akatia muhuri. Barua ya onyo niliipata baada ya wiki, na nikaondolewa kwenye uandikishaji kwa miaka miwili. Barua hiyo ninayo bado. Katika faili yangu yote ni barua chache ambazo kila neno lake ni la kweli kama ile.

Kiapo hakikutosha. Kampala walitaka barua ya shule, nakala ya kadi iliyothibitishwa na ofisi ya makazi, picha mbili, na fomu yao wenyewe ambayo siku hiyo ilikuwa imekwisha. Nilirudi mara ya pili, nikaipata fomu. Mara hiyo ofisa alisoma kiapo changu mpaka mwisho.

"Nani alikosea?"

"Mimi."

"Namaanisha ni nani aliyekosea kweli."

"Ni mimi kweli."

Akaita mwenzake aje aone. Nadhani hawakupata wageni wa namna hiyo mara kwa mara. Lakini wema wao haukuharakisha chochote. Walisema masahihisho yanafanywa kwa mafungu, nisubiri. Wiki mbili za chuo zilikuwa zimeshapita, na kiti cha Asifiwe kilikuwa kimepata mtu.

Kusubiri ndiko kunakowamaliza watoto wetu. Mitihani wanaiweza. Mtoto aliyefeli anajua la kufanya, anarudia. Mtoto aliyefaulu kisha akaambiwa asubiri anakaa nyumbani, na kila anayepita njia anamwona amekaa. Mwezi wa tatu wa kusubiri, Mzee Elisha alikuja shuleni siku ya Ijumaa, amevaa koti la kanisani. Nilijua si habari ya kawaida.

"Madame, kuna mufanyabiashara hapa senta, anauzisha simu. Ametuma bazee kumuposa. Ni mutu muzuri, sina mubaya wa kumusema. Mutoto iko nyumbani, hana masomo, hana kazi. Nibaambie nini?"

"Mwenyewe anasema nini?"

"Hasemi. Anaangalia tu."

"Waambie ana kazi, Baba. Anaanza Jumatatu."

Akainua uso. "Kazi gani?"

"Sijui bado. Leo ni Ijumaa."

Mzee Elisha alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona meno yake. "Nitabaambia Jumatatu," alisema.

Nilitoka shuleni saa ileile nikaenda kituo cha afya. Mkuu wa kituo alikuwa muuguzi mmoja mwenye haraka, Sista Monika, ambaye hakuwahi kunisikiliza akiwa amekaa. Nilimfuata kutoka chumba hadi chumba. Nilimwambia nina msichana aliyefaulu biolojia, anayesema Kibembe, Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza, na Kinyankole cha sokoni. Alisimama hapo kwenye Kibembe.

"Kuna bibi yuko wodini tangu jana," alisema. "Hatujui anaumwa wapi. Tunaonyeshana kwa vidole. Huyo msichana anaweza kuja leo?"

Alikwenda siku ileile. Bibi alikuwa anaumwa sikio.

Alijitolea pale mwaka mzima kama mkalimani. Asubuhi alikaa na wagonjwa, mchana alisaidia kupanga kadi zao. Yule mfanyabiashara wa simu alisubiri kidogo, kisha akaoa kwingine, na harusi ilikuwa nzuri. Mimi niliendelea kwenda Kampala kila likizo. Nilijua jina la mlinzi wa lile jengo, na majina ya watoto wake, na yeye alijua jina kamili la Asifiwe kuliko nilivyolijua mimi mwanzoni.

Siku karatasi iliyosahihishwa ilipotoka, nilipewa bahasha ya kahawia kupitia dirishani. Niliisoma nikiwa nimesimama, herufi kwa herufi, kisha nikamwomba mlinzi naye aisome. Asifiwe Mapendo Riziki. Nilirudi Nakivale na fomu ya chuo cha uuguzi mkobani, nimeshaijaza kwa penseli kila palipowezekana.

Nilimkuta nyuma ya kituo cha afya, anaanua mashuka. Alisoma karatasi ya matokeo mara mbili na kuipitishia kidole. Alilia kidogo, akajifuta kwa shuka, akaomba msamaha kwa shuka. Kisha nikamtolea fomu. Hakuipokea.

"Madam, sitaki uuguzi."

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hasira. Niliziona safari zangu zote, kiapo changu, lile onyo. Nilifungua mdomo nimwambie yote hayo. Nashukuru kwamba kazi ilikuwa imenizoesha, swali jingine likatoka badala yake.

"Jana ulifanya nini?"

Alianza polepole. Alisema jana mchana wagonjwa walipopungua aliingia maabara, kama anavyofanya siku nyingi, kuosha vioo. Fundi wa maabara humruhusu kutazama kwenye hadubini akimaliza. "Kulikuwa na damu ya mtoto mmoja, fundi alikuwa amesema hana malaria. Nilitazama muda mrefu. Nikamwambia, hapa pembeni kuna kitu. Akasema hakuna. Nikamwambia, tafadhali. Akatazama." Alinyamaza, nami nikanyamaza, mpaka nikapata aibu, kisha kidogo zaidi. "Kilikuwepo, Madam. Watoto wengi wanaumwa, na wauguzi wanawashika mikono. Mimi nataka kuwa yule anayekiona."

Nilikuwa nimekipigania kiti kile cha uuguzi mpaka nikasahau kwamba hakikuwa changu. Fomu niliikunja nikairudisha mkobani. Ilichukua barua tatu kulishawishi shirika libadilishe kozi, iwe ya maabara katika chuo kilekile, na barua ya nne kutoka kwa fundi wa maabara, ambaye aliandika mstari mmoja tu: "Huyu anaona kuliko mimi." Hiyo ndiyo iliyofanya kazi.

Mlangoni pa chuo Nyamitanga safari hii tulikuwa watatu. Mzee Elisha alikuwa hajawahi kufika Mbarara, lakini alisema jina la mtoto wake likisomwa lazima awepo. Karani alikuwa yuleyule. Alituona, akasimama, akatandika karatasi mbili mezani kama awali, moja kulia, moja kushoto. Alichukua muda wake. Kisha akasoma kwa sauti ya gwaride, jengo zima likasikia:

"Asifiwe Mapendo Riziki!"

"Amina," akajibu Mzee Elisha.

Karani alimtazama mzee, akanitazama mimi, hakuelewa, akaandika.

Asifiwe alimaliza masomo yake. Leo anafanya kazi katika maabara ya kliniki moja wilayani humu, na ana mwanafunzi anayemfundisha, ambaye ananiambia kwamba mwalimu wake hapendi mtu anayetazama haraka. Mzee Elisha bado analima. Bizimana alitangulia mbele ya haki kabla vyeti vyake havijatambuliwa. Tulimzika amevaa lile koti la kahawia, na wanafunzi wake walibeba jeneza kwa zamu mpaka kilimani. Nilisema maneno machache. Sikunyamaza alivyonifundisha, na bado najilaumu kidogo.

Tangu mwaka ule shule yetu ina siku ya majina. Mnaifahamu, mmeiona, lakini wengine mnaiona kama sherehe ya karatasi. Kila mtoto wa kidato cha kwanza anakuja na mzazi au mlezi na kadi ya familia. Jina linasomwa herufi kwa herufi, mzazi anasikiliza, ndipo linaandikwa. Foleni inakuwa ndefu. Sola inakata. Kuna mwaka tulimaliza siku ya tatu. Mtu akiwaambia mfupishe, mwambieni aje kwangu, nyumba yangu Mbarara haijifichi.

Na kuwatembelea waliomaliza msiache. Mimi nilikuwa na daftari la kila aliyetoka getini, na kila muhula nilichagua majina matano nikaenda kuwatafuta walipo. Wengine nilikuta wanaendelea vizuri, wengine wamekwama kwa kitu kidogo sana, sahihi moja, simu moja. Wengine walikwama kwa kitu kikubwa na sikuweza lolote, nikakaa nao tu. Hao pia waandikeni.

Nimebakiza jambo moja, na hili ni lako, Mwalimu Amon.

Kuna msichana Mrundi wa kidato cha nne, Ineza. Anataka kuchomelea vyuma. Nilimuuliza jana yake, akanionyesha: alikuwa ameunga miguu ya madawati sita ya darasa lake kwa mashine ya kuazima, na madawati hayo hayatikisiki, nimeyakalia mimi mwenyewe. Kuna mwenye karakana Mbarara, njia ya Makenke, anayepokea wanafunzi wakati wa likizo. Mara ya kwanza alisema hapokei wasichana. Mara ya pili alisema cheche zitamharibu uso. Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda mara ya tatu, akasema atafikiria. Sasa ni siku ya tisa anafikiria.

Faili ya Ineza nimeiacha juu ya meza, sikuiweka kabatini. Usiiweke kabatini. Jumatatu panda uende. Chukua huyo msichana na mguu mmoja wa dawati aliouunga. Mzee yule atakuambia ana kazi nyingi, urudi siku nyingine. Usibishane naye. Weka ule mguu mezani kwake, vuta kiti, ukae.